Kuhamisha krediti kwenda chuo kikuu Marekani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Karibu kila anayekuja kuniuliza habari hizi huanza hivi: "Wamenikubalia krediti zangu zote." Anafungua simu, ananionyesha barua, ina nembo ya chuo na kila kitu. Mimi namwomba anionyeshe karatasi nyingine kabisa: ripoti ya digrii, ile inayotaja sharti moja moja na kusema lipi limetimia na lipi bado. Hapo ndipo tunaanza kuongea.

Wengi wao ni watu wetu wa Afrika Mashariki walioko Minnesota, wanaotoka zamu ya usiku kwenye nyumba za wazee na kuingia darasani asubuhi. Maswali yao ndiyo haya. Mifano mingi ni ya Minnesota, Texas na California, ambako kanuni zimeandikwa wazi. Kwingineko majina hubadilika, lakini mambo hayatofautiani sana.

## Mambo ya msingi

1. Krediti ni nini, na digrii inataka ngapi?

Krediti ni kipimo cha uzito wa somo. Somo la kawaida kwenye vyuo vya mihula miwili lina krediti 3, yaani kama saa tatu za darasani kwa wiki kwa muhula mzima, na somo lenye maabara huwa na 4. Digrii ya kwanza huhitaji krediti 120 hivi. Digrii ya miaka miwili ya chuo cha jamii (community college) huhitaji 60 hivi.

Kuna vyuo vinavyougawa mwaka kwa robo, na huko digrii ya kwanza huwa krediti 180. Hizo si masomo mengi zaidi, ni kipimo kidogo zaidi. Namna ya kubadilisha iko swali la 15.

2. Elimu ya jumla ni nini, na masomo ya hiari ni yapi?

Aliyesoma Dar es Salaam au Nairobi huingia chuo akiwa tayari amechagua fani, na tangu siku ya kwanza anasoma fani hiyo. Marekani si hivyo. Mwanafunzi wa uhasibu anatakiwa asome pia uandishi, hisabati, sayansi yenye maabara, historia au siasa, sanaa, na mara nyingi somo la tamaduni nyingine. Hiyo ndiyo elimu ya jumla, na hula takriban theluthi ya digrii.

Fungu la pili ni fani yako kuu pamoja na masomo yanayoitangulia. La tatu ni masomo ya hiari: krediti za kujaza mpaka zifike 120, ambazo unaweza kuzipata kwa somo lolote, kuanzia upigaji picha hadi mpira wa wavu. Ichukulie digrii kama makapu matatu. Kila krediti unayohamisha lazima iwekwe kwenye kapu fulani, na makapu hayafanani ukubwa.

3. Kuna tofauti gani kati ya krediti kupokelewa na krediti kutumika?

Ukilielewa hili, mengine yote ni mepesi. Kupokelewa maana yake chuo kipya kimekiri kuwa ulisoma, na namba imeandikwa kwenye rekodi yako. Kutumika maana yake krediti hizo zimefuta sharti ambalo vinginevyo ungelisomea na kulilipia tena. Barua ya chuo hutaja jambo la kwanza na kunyamaza kuhusu la pili.

Tuchukue mwanafunzi wa mfano aliyetoka chuo cha jamii na krediti 64:

- Uandishi 6, takwimu 4, saikolojia 3, sosholojia 3, kuzungumza mbele ya hadhira 3
- Anatomia na fisiolojia 8, masomo mawili
- Kazi za ofisi ya hospitali 22, masomo ya ufundi
- Kiingereza kwa wageni na hisabati ya maandalizi 12
- Elimu ya viungo 3

Chuo kikuu kinakataa zile 12 za maandalizi. Masomo ya ufundi kina kikomo, kinapokea 16 na kuacha 6. Barua inasema: "Tumepokea krediti 46." Mwanafunzi anatoa hesabu kichwani, 120 toa 46, zimebaki 74.

Sasa fungua ripoti. Digrii yake ina elimu ya jumla 40, fani kuu 60, hiari 20. Uandishi, takwimu, saikolojia, sosholojia na kuzungumza vimeingia elimu ya jumla, jumla 19. Sayansi ya maabara inahitajika moja tu, kwa hiyo anatomia ya kwanza inaingia, zinakuwa 23. Anatomia ya pili inatupwa kapu la hiari, pamoja na zile 16 za ufundi na 3 za viungo. Jumla ya hiari ni 23, na kapu linabeba 20. Krediti 3 zimemwagika. Zimepokelewa, zinaonekana kwenye rekodi, na hazifanyi kazi yoyote. Zilizobaki kusomwa ni 77, si 74. Na yeye wakati anaacha chuo cha jamii alikuwa akihesabu 56.

Tofauti ya 56 na 77 ni masomo 7. Kwa anayesoma masomo mawili mawili kwa sababu ya zamu, hiyo ni zaidi ya mwaka mmoja na nusu.

4. Nani anaamua krediti zangu ziende kapu gani?

Watu tofauti, na hapa wengi hupoteza muda wakigonga mlango usio wake. Ofisi ya msajili au ya uhamisho husoma transkripti, yaani rekodi rasmi ya masomo na alama zako, na kuamua kama somo linapokelewa na linalingana na somo gani la kwao. Kamati au ofisi ya elimu ya jumla huamua kama linatimiza sharti la elimu ya jumla. Idara ya fani yako huamua mambo ya fani. Mshauri wa masomo hukueleza na kukuandikia maombi, lakini mara nyingi hana mamlaka ya kubadilisha chochote peke yake. Akikuambia "nadhani itakubalika", mwombe akuandikie baruapepe.

Hasara hii si ya watu wachache wasio na bahati. Mwaka 2017 ofisi ya ukaguzi ya bunge la Marekani, GAO, ilichunguza wanafunzi waliohama kati ya 2004 na 2009 na kukadiria kuwa kwa wastani walipoteza asilimia 43 ya krediti zao.

## Kabla ya kuhama

5. Nitajuaje mapema somo langu litaingia wapi?

Angalia kabla hujajiandikisha somo hilo, si baada ya kulimaliza. California ina ASSIST, inayoonyesha somo la kila chuo cha jamii cha umma linalingana na lipi kwenye vyuo vikuu vya umma. Minnesota na majimbo mengine mengi hutumia Transferology: unaandika masomo yako, inakuonyesha yangepokelewaje kwenye vyuo mbalimbali. Texas ina namba za pamoja, kwa hiyo ENGL 1301 ya chuo kimoja cha umma kwa kawaida inalingana na ENGL 1301 ya kingine.

Ukiona somo lako limepewa jina kamili la somo la chuo kipya, vizuri. Ukiona limepewa namba yenye herufi kama 1XX, ujue linaelekea kapu la hiari (tazama swali la 12). Piga picha ya skrini yenye tarehe. Kurasa hizo hubadilika.

6. Nimalize digrii ya miaka miwili kwanza, au nihame katikati?

Inategemea ni digrii gani. Kuna ya kuhamia na kuna ya kazi. Ile inayoandikwa AA au AS kwa kawaida imetengenezwa ili uhamie chuo kikuu. Ile ya AAS imetengenezwa ili upate kazi, na masomo yake mengi ni ya ufundi. Huyu wetu wa swali la 3 alikuwa na AAS. Ni digrii nzuri kwa mshahara wa mwakani, ni mbaya kwa kuhamia.

Kama uko kwenye njia ya kuhamia, faida kubwa ya kumaliza ni kifurushi. Texas ukimaliza krediti 42 za elimu ya jumla kwenye chuo cha umma, chuo kikuu cha umma unakohamia lazima kiuchukue mzigo huo mzima badala ya masharti yake yenyewe. Minnesota kifurushi kina krediti 40 na maeneo 10 ya malengo, na ukikikamilisha unahesabiwa umemaliza elimu ya jumla kwenye vyuo vikuu vya umma vya jimbo. California wanaoanza tangu muhula wa vuli wa 2025 wana kifurushi kimoja cha uniti 34 (krediti huko huitwa uniti), Cal-GETC, kwa mifumo yote miwili ya vyuo vikuu vya umma. Ukihama na nusu ya kifurushi, somo lako linapimwa moja moja.

Vyuo binafsi havifungwi na makubaliano haya isipokuwa vimesaini vyenyewe. Uliza kwa maandishi.

7. Masomo gani huachwa mlangoni kabisa?

Ya maandalizi, yaani hisabati na Kiingereza chini ya kiwango cha chuo, na mara nyingi Kiingereza kwa wageni. Hili linatuuma sisi hasa. Nimeona vijana waliofanya mitihani yao yote kwa Kiingereza kuanzia kidato cha kwanza wakiwekwa mihula miwili ya Kiingereza kwa wageni, kwa sababu tu fomu iliuliza lugha ya nyumbani nao wakajibu ukweli. Usinyamaze. Omba mtihani wa upangaji, na ukiona umeshindwa kwa kukurupuka, uliza kama unaruhusiwa kurudia.

Pia huachwa masomo yaliyorudiwa (ukisoma uandishi wa kwanza vyuo viwili unahesabiwa mara moja) na masomo ya vyuo visivyo na ithibati inayotambulika. Jambo hili la mwisho liangalie kabla hujalipa hata dola moja, hasa kwa vyuo vya mtandaoni vinavyotangaza kwa kelele.

8. Alama gani inahitajika, na wastani wangu unahama nami?

Kwa kawaida C au zaidi. Baadhi ya vyuo hupokea D, lakini somo lenye D huenda likaingia hiari na likakataliwa kwenye elimu ya jumla au fani. Wastani wako wa alama kwa kawaida hauhami. Unaanza upya, jambo ambalo ni ahueni kwa aliyeanguka muhula wa kwanza alipofika na huzuni kwa aliyekuwa na A tupu. Alama za zamani bado huonekana na kamati ya kupokea wanafunzi au ya ufadhili.

## Waliosoma Afrika Mashariki

9. Nina transkripti ya chuo cha Tanzania au Kenya. Nifanye nini?

Vyuo vingi vitakutaka upitishe transkripti kwa kampuni ya tathmini iliyo mwanachama wa NACES, umoja wa kampuni zinazopima vyeti vya nje, mfano WES au ECE. Uliza chuo chako kinapokea ipi kabla ya kulipa. Agiza tathmini ya somo kwa somo. Ile fupi ya bei nafuu husema tu "huyu ana digrii", nayo haisaidii kitu kwenye kupanga makapu. Chuo chako cha nyumbani kitatakiwa kutuma transkripti chenyewe, kwa bahasha iliyofungwa na kupigwa mhuri au kwa njia ya kielektroniki. Tafuta ndugu wa kwenda kusimama kwenye dirisha la msajili. Baruapepe peke yake, kwa niliyoyaona, hujibiwa ikijisikia.

Angalizo la hesabu: kwa mfumo wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, mwaka ni krediti 120, na digrii ya miaka mitatu ni angalau 360. Hizo si krediti za Marekani. Mwaka mmoja wa masomo wa kutwa huhesabiwa kama 30 hivi za Marekani. Kuna dada aliyekuja na krediti 240 akiamini amemaliza digrii mbili. Nilimtengenezea chai kwanza.

Jambo la pili: masomo ya vyuo vyetu ni ya fani tangu mwanzo, kwa hiyo hujaza kapu la fani au la hiari na kuacha elimu ya jumla ikiwa na mashimo. Ukiwa na miaka miwili ya uhandisi wa ujenzi, tarajia kurudi darasani kusoma uandishi na historia. Kozi yako ya stadi za mawasiliano na ile ya masomo ya maendeleo zipiganie, maana zina nafasi nzuri ya kuingia elimu ya jumla ukiwa na silabasi.

10. Kidato cha sita au KCSE inanipa krediti?

KCSE haitoi, inahesabiwa kuwa cheti cha sekondari kama cha kijana wa Marekani. Kidato cha sita cha Tanzania na cha Uganda ni habari nyingine. Kinafika mwaka wa 13 wa masomo, na vyuo vinavyotoa krediti kwa mitihani ya kiwango cha A ya Uingereza wakati mwingine hutoa kwa hii pia, kwa masomo uliyofaulu vizuri. Hawatakuuliza. Lazima uombe mwenyewe, na uonyeshe cheti kilichothibitishwa na baraza la mitihani.

11. Kiswahili changu kinaweza kunipa krediti?

Kinaweza, na hapa kuna mtego unaofanana na ule wa swali la 3. Chuo chenye sharti la lugha ya kigeni kinaweza kukufanyia moja ya mambo mawili. Kukusamehe: sharti linafutwa kwa kuwa ulisoma sekondari kwa lugha nyingine, lakini krediti hupati. Kukupa krediti: unafanya mtihani na namba inaingia kwenye rekodi.

Ukisamehewa sharti la krediti 8, krediti 8 hizo lazima uzijaze kwa kitu kingine. Mtu aliyepungukiwa masomo ya hiari atafute krediti. Mtu ambaye kapu lake la hiari limejaa, msamaha unamtosha. Mitihani ya ACTFL, shirika la Marekani la walimu wa lugha, wa kuzungumza na wa kuandika, hufanywa pia kwa Kiswahili. Uliza idara ya lugha inatambua upi na kwa kiwango gani. Vyuo vingine vimeandika wazi kuwa havitoi krediti kwa lugha ya kwanza ya mtu, na hapo aliyekulia Goma au Bujumbura anaweza kusema ukweli kwamba lugha yake ya kwanza si Kiswahili.

Aliyetoka kwenye vita na asiye na vyeti vyovyote ana mlango mwingine: CLEP. Ni mitihani ya College Board, alama ni 20 hadi 80, na 50 ndiyo inayopendekezwa kuleta krediti. Modern States wana kozi za bure za kujiandaa na vocha ya ada ya mtihani. Hakikisha tu chuo chako kinaipokea na inaingia kapu gani.

## Baada ya kuhama

12. Somo langu limeandikwa 1XX. Maana yake nini, na linabadilishwaje?

Maana yake: "tunajua ulisoma historia, lakini hatukuona somo letu linalolingana nalo." Ni krediti za hiari mpaka itakapothibitishwa vinginevyo. Mimi mwenyewe niliwahi kupata HIST 1XX kwa somo la historia ya Afrika nililosoma chuo cha jamii. Nikiwa nimeshamtumia shangazi Tanga picha ya barua yenye krediti zangu 51, naye ameshatangaza kwenye kikundi cha ukoo, mshauri aligeuza kioo cha kompyuta nikaona nusu ya masomo yangu yamepangwa chini kabisa ya ukurasa, kwenye hiari.

Kinachobadilisha ni silabasi. Si maelezo ya mistari miwili ya katalogi, silabasi ya muhula uleule uliosoma wewe: mada za kila wiki, vitabu, kazi za kuandika, saa za darasani. Yangu niliipata kwenye baruapepe ya mwanafunzi mwenzangu, miaka mitatu baadaye. Kisha unachukua maelezo ya sharti unalotaka kutimiza, kwa upande wangu lilikuwa la mtazamo wa kimataifa, na unaandika barua fupi ukionyesha: sharti linasema hivi, wiki ya tatu hadi ya saba ya silabasi inafanya hivi. Usilalamike kuhusu pesa wala muda, kamati haipimi hayo. Yangu ilirudi baada ya wiki tano ikiwa imehamishwa kapu.

Kwa hiyo hifadhi silabasi zote tangu muhula wa kwanza. Folda moja mtandaoni, jina la somo na mwaka.

13. Kapu la hiari limejaa. Zilizozidi naweza kuzifanyia kitu?

Njia zipo tatu za kujaribu. Kwanza, rufaa ya swali la 12, zihamie elimu ya jumla. Pili, uliza kama zinaweza kuanzisha fani ndogo: krediti 9 za biashara zilizokaa bure zinaweza kuwa nusu ya fani ndogo ya biashara. Tatu, angalia digrii nyingine ndani ya chuo hichohicho. Digrii za masomo ya jumla au ya taaluma mchanganyiko huwa na fani kuu ndogo na kapu la hiari kubwa. Mtu wa miaka 40 anayehitaji digrii yoyote ili apandishwe cheo anaweza kuokoa mwaka mzima hapo. Kijana anayetaka uhandisi asidanganyike na njia hii.

14. Somo moja linaweza kufuta masharti mawili?

Masharti mawili, ndiyo, mara nyingi. Takwimu inaweza kuwa hisabati ya elimu ya jumla na pia sharti la fani ya saikolojia. Krediti zake zinahesabiwa mara moja tu, kwa hiyo unabaki na nafasi ya kujaza na hiari. Kwa mwenye hiari zilizozidi hii ni habari njema kabisa: kila sharti linalofutwa mara mbili linafungua nafasi kwa krediti iliyokuwa imemwagika.

15. Nimetoka chuo cha robo mwaka. Krediti zangu zimepungua, wameniibia?

Hapana. Krediti za robo huzidishwa kwa 2 na kugawanywa kwa 3: 45 zinakuwa 30. Shida iko kwenye vipande. Somo la 4 linakuwa 2.67, na sharti linataka 3. Kwa kawaida chuo hukubali kuwa sharti limetimia, lakini ile 0.33 inabaki pengo kwenye jumla ya 120. Ukiwa na masomo kumi ya namna hiyo unadaiwa somo zima mwishoni. Lifahamu mapema, lisikukute muhula wa kuhitimu.

16. Nina krediti 90, kwa nini bado wananiambia miaka miwili?

Kuna kuta mbili. Ya kwanza, chuo hutaka kiasi fulani kisomwe kwake, mara nyingi krediti 30 za mwisho au robo ya digrii. Ya pili, digrii hutaka masomo ya ngazi ya juu, yale ya mwaka wa tatu na wa nne, na chuo cha jamii kwa kawaida hakiyatoi. Hata somo lako likilingana na la ngazi ya juu, mara nyingi huhesabiwa la ngazi ya chini kwa kuwa lilisomwa chuo cha miaka miwili. Hivyo ukipata nafasi ya kuchagua masomo ya hiari baada ya kuhama, chagua ya ngazi ya juu yafanye kazi mbili.

## Mambo ya pembeni

17. Krediti zilizohamishwa zinagusa msaada wa fedha?

Zinagusa sana. Msaada wa serikali kuu una kikomo cha asilimia 150 ya urefu wa programu, yaani krediti 180 ulizojiandikisha, umefaulu au la, kwa digrii ya 120, na zilizopokelewa kutoka chuo cha zamani huhesabiwa ndani. Pell, ruzuku ya serikali kuu isiyorudishwa, nayo ina mwisho wake, sawa na mihula 12 ya kutwa. Zaidi ya hayo, msaada hulipia masomo yanayohitajika na programu yako tu. Kapu la hiari likishajaa, somo jingine la hiari huenda lisihesabiwe kwenye msaada, na unaweza kushuka kutoka hadhi ya mwanafunzi wa kutwa bila kujua.

18. Nina viza ya F-1. Kuhamisha SEVIS na kuhamisha krediti ni kitu kimoja?

Siyo. Rekodi ya SEVIS ni ya uhamiaji na inashughulikiwa na ofisi ya wanafunzi wa kigeni, nayo ina tarehe zisizosubiri mtu. Krediti ni za msajili. Unaweza kuwa umehamishwa kisheria huku krediti zako hazijasomwa na yeyote. Kumbuka pia lazima uwe na krediti 12 kila muhula, na mtandaoni linahesabika somo moja tu, lisilozidi krediti 3. Ukibakiza masomo machache ya elimu ya jumla yanayofundishwa mtandaoni tu, utakwama. Muhula wa mwisho unaweza kuruhusiwa kusoma pungufu, kwa idhini iliyotolewa kabla.

19. Chuo cha zamani kinanidai na hakitoi transkripti.

Anza kwa kuomba mpango wa kulipa kidogo kidogo wenye sharti la kuachia transkripti. Baadhi ya majimbo, California na New York zikiwemo, yamepiga marufuku vyuo kushikilia transkripti kwa sababu ya deni. Deni lenyewe halifutiki.

20. Masomo yangu ni ya zamani. Yameisha muda?

Uandishi na historia hukaa miaka mingi. Sayansi za uuguzi ndizo zenye kikomo: programu nyingi hutaka anatomia, fisiolojia na maikrobiolojia ziwe za miaka 5 au 7 iliyopita. Somo lililopitwa na muda kwa uuguzi bado linaweza kutumika kama sayansi ya elimu ya jumla au hiari, kwa hiyo usilifute kwenye hesabu zako. Na kama unakaribia kikomo, omba kuingia programu kwanza, masomo ya elimu ya jumla yaliyobaki yanaweza kusubiri.

21. Nilihama kabla ya kumaliza digrii ya miaka miwili. Naweza kuipata sasa?

Mara nyingi, ndiyo. Krediti ulizopata chuo kikuu zinarudishwa chuo cha jamii, zinaziba yaliyopungua, nao wanakutunuku digrii yao. Uliza ofisi ya msajili wa chuo cha jamii kuhusu uhamisho wa kurudi nyuma. Angalia tu kama kutunukiwa hakuharibu hesabu ya msaada wako wa fedha (swali la 17), kisha tuma transkripti.